Kuku Waliokalia Viota Vitupu

Kuku akiingia kiotani kila asubuhi, akakaa, akatoka akilia kama aliyetaga, na yai halipo, limekwenda wapi? Swali hilo niliulizwa siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa na digrii ya udaktari wa mifugo, na haikunisaidia hata kidogo.

Ofisi yetu ya Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na friji ya chanjo. Mkubwa wangu, Afisa wa Mifugo wa Eneo, alikuwa mtu wa suti ya kaunda na maneno machache. Asubuhi ile alinikabidhi buti, bomba la sindano na chupa za chanjo zilizofungwa pamoja na barafu.

"Nenda Umoja ukachanje kideri," aliniambia.

Kideri ni ugonjwa unaoweza kufagia banda zima kabla mwenyewe hajajua la kufanya. Nilimuuliza kwa nini tulichanja kideri peke yake, ilhali kuku hukohoa kwa sababu nyingi.

"Kwa sababu chanjo tuliyo nayo ni ya kideri. Na maswali ya chuo uyaache chuoni."

Sikuyaacha. Nilikuwa mtu wa kuuliza hata ninapopewa chai kwa nini imewekwa tangawizi.

Mtaa wa Umoja wakati huo ulikuwa bado unanukia simiti. Watu walikuwa wakiongeza vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba zao, lakini Mama Nasimiyu yeye alikuwa amejenga banda la kuku wa mayai. Mumewe alifanya kazi reli, Kisumu, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Wifi yake, Nekesa, alikaa naye akijifunza ushonaji katika ukumbi wa kanisa. Nekesa ndiye aliyelisha kuku na kuokota mayai.

Jirani, Mama Wairimu, alichungulia juu ya ua wa mabati. "Huyu ndiye daktari? Nilidhani ni mwenzake Nekesa wa cherehani."

"Mheshimu, ana sindano," Mama Nasimiyu alimjibu. Kisha akanigeukia na kuniuliza lile swali.

Nilikagua kuku. Walikuwa wanene, manyoya yanang'aa, vichwa vyekundu kama kuku walio katikati ya kutaga. Mmoja aliingia kiotani mbele yangu, akajikunja, akakaa kwa utulivu, akatoka na kelele za ushindi. Nilitia mkono kwenye majani. Hakukuwa na kitu.

"Banda zima linanipa mayai ya kukaangia watoto tu," alisema Mama Nasimiyu. "Wa Mama Wairimu wanakula chakula hiki hiki na wanataga mpaka anagawa."

"Mimi nilinunua wakubwa," alisema Mama Wairimu. Kisha akainua macho kana kwamba anayauliza mawingu: "Na anayeokota mayai huko kwenu ni nani vile?"

Nekesa alikuwa amesimama pale pale na ndoo ya maji. Hakuna aliyemtazama.

Nilipokuwa naondoka alinifuata hadi langoni. "Dada daktari, yai la mtu sijagusa. Kaka akija mwisho wa mwezi nitarudishwa nyumbani na jina la mwizi. Utamwambia nini?"

"Bado sijui."

"Basi jua upesi."

Nilirudi ofisini nikiwa nimechanganyikiwa. Faili yetu ilisema kuku wale, walipokuwa vifaranga wa siku chache, walipiga chafya banda zima, wakapewa dawa ya unga kwenye maji, wakapona. Nilimuuliza Afisa kama mafua yale yangeweza kuwa na uhusiano na mayai.

"Walipona?"

"Walipona."

"Basi kuku aliyepona amepona. Unataka waugue tena ndipo ufurahi?"

"Nataka kufungua wachache nione ndani."

"Kuku hafunguliwi kutafuta mwizi. Mwizi ni kazi ya chifu."

Nilikwenda hata hivyo, siku aliyofika mwenye nyumba kutoka Kisumu. Baba Nasimiyu alikuwa mtu mpole, mwenye kusikiliza. "Fungua watatu," alisema. "Ukweli ukikosekana, mchuzi tutapata."

Tulitandika gunia karibu na bomba. Kuku wa kwanza nilimkuta viini vya mayai vimemwagikia tumboni. Mrija wa mayai, yaani njia ambamo kiini hupita na kuvishwa ute na ganda, ulikuwa umeishia katikati, na mahali pa kuendelea palikuwa na mfuko wa maji. Niliwaonyesha wote. Kuku huyu alikuwa na kila hamu ya kutaga, ila njia hana.

"Hapa hakuna yai la kuibwa," nilisema.

Wa pili alikuwa vile vile. Nekesa aliketi chini kwenye simiti, akajifunika uso kwa leso. Mama Nasimiyu alianza kusema, "Wifi yangu, mimi kwa kweli..."

Nikafungua wa tatu. Ndani yake mlikuwa na yai zima, ganda gumu, safi kabisa.

Mama Wairimu alinyoosha shingo juu ya ua wa mabati. Kisha akasema, "Na hilo nalo?"

Baba Nasimiyu alilichukua yai akaligeuza kiganjani. "Daktari, hawa walitoka boksi moja. Wamekula pamoja, wakaugua pamoja. Kama ni ugonjwa, mbona huyu ulimruka?"

Nilimwambia kuwa huyu alikuwa mmoja wa wale wachache waliokuwa wakitoa mayai ya watoto, na kwamba wawili wale walitosha kueleza mengine yote.

"Huenda," alisema. "Na huenda wagonjwa walikuwa hao wawili tu, na wazima wengine wakaokotewa. Nieleze huyu."

Sikuweza. Kila nililojua kuhusu maradhi lilisema kwamba alikuwa na haki ya kuuliza.

Jumatatu Nekesa aliondoka. Hakufukuzwa, alisema mwenyewe hawezi kuokota mayai huku anahesabiwa hatua. Mama Nasimiyu alitaka kumpa kuku mmoja wa njiani. "Wifi, nikishuka nyumbani na kuku," alisema Nekesa, "watasema kumbe sikuishia kwenye mayai."

Mimi nilihamishwa Nakuru, kisha nikapelekwa maabara. Huko Mkuu wa Maabara alinipa jina nililolikosa: mkamba wa kuambukiza wa kuku, ugonjwa wa njia ya hewa. Huletwa na kirusi cha jamii ya korona, iliyoitwa hivyo kwa sababu chini ya darubini kali virusi vyake huonekana vimezungukwa na miiba kama taji. Kikimpata kifaranga katika siku zake za mwanzo, chafya hupita lakini mrija wa mayai huharibika kabisa. Nilimuuliza habari za kuku wa tatu. "Jina tunalo," alinijibu. "Mengine endelea kuuliza."

Nimestaafu sasa. Dunia ilipovaa barakoa, vijana walinijia wakidhani korona ilizaliwa juzi. Niliwaambia kuwa ukoo huo ni mkubwa: kuna korona ya kuku, ambayo haiwapati watu, kuna ya nguruwe, ya paka, ya ng'ombe, na kuna iliyotupa mafua ya kawaida miaka mingi bila sisi kuiuliza jina. Waliniomba majibu ya hakika. Niliwapa niliyokuwa nayo, na pale nisipojua nikasema sijui, ingawa naijua bei ya neno hilo.

Kuhusu kuku wa tatu, nilikuja kusoma nikiwa tayari mstaafu. Vifaranga wa boksi moja si wa mama mmoja. Kuku aliyewahi kuupata ugonjwa huo hutia kinga yake ndani ya kiini cha yai, na kifaranga wake huanguliwa nayo. Kirusi kikimjia siku zile za mwanzo atapiga chafya kama wenzake, lakini mrija wake wa mayai unaweza kubaki mzima.