Injini za Kijani za Marehemu

Wanaume wanne waliingia sebuleni kwa Mama Mistari wakiwa wamevaa fulana za kufanana, kila moja imechorwa garimoshi kifuani. Mdogo wao alikuwa na miaka hamsini na kitu. Mama Mistari aliwatazama kuanzia viatu hadi vipara, akasema moyoni: wazee wazima, Mungu wangu.

Walikuwa chama cha waunda treni ndogo. Mwenyekiti wao, daktari wa meno mstaafu, alieleza shughuli zao kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba wa taifa. Wanaunda injini za mvuke za zamani, kila moja haizidi urefu wa mkono toka kiwiko hadi kiganja, na kuzipaka rangi zile zile za enzi zake. Za abiria tu. Za mizigo hawazigusi, maana zilikuwa nyeusi, na nyeusi haina mjadala.

"Tumekuja kwa heshima ya marehemu mumeo," alimaliza. "Tumesikia aliacha daftari."

Aliliacha kweli. Marehemu alikuwa msimamizi wa banda la rangi katika karakana ya reli kwa miaka ishirini na mitatu, na kila injini iliyotoka mle aliiandika: namba, tarehe, rangi, imepigwa mikono mingapi ya rangi. Makaratasi ya ofisi yameliwa na mchwa, na picha zilizobaki hazina rangi. Kwa hiyo wanaume wale walilitaja daftari lile kama watu wanaotaja msahafu.

Mama Mistari mwenyewe alifanya kazi katika banda hilo hilo miaka kumi na tisa. Yeye ndiye aliyekuwa akivuta mistari ya manjano kwenye ubavu wa injini, kwa brashi ya manyoya marefu kama kidole, pumzi ameibana, mkono hautetemeki. Jina lake lilitoka huko. Hakuna hata mmoja kati ya wanne aliyemwuliza lolote, isipokuwa yule mnene, aliyeuliza kama kuna sukari zaidi.

Akawapa daftari ili waondoke. Hakuwahi kulisoma, mambo ya banda alikuwa nayo kichwani.

Miezi minane baadaye chama kilifanya maonyesho katika ukumbi wa shule. Binti yake, mwalimu wa pale, akamburuta. "Mama, twende tu. Utakaa nyumbani mpaka uote kutu?"

Kwenye meza ndefu zilipangwa injini thelathini na moja, kijani tupu, zinang'aa kama vyura baada ya mvua. Mistari waliyozivutia ilikuwa minene kama minyoo. Ubao juu ya meza ulisema rangi hizo zimethibitishwa na daftari la marehemu Msimamizi. Mama Mistari aliinama, akasoma namba na mwaka wa kila moja, kisha akacheka mpaka binti yake akamfinya.

"Nani amewaambia hizi zilikuwa kijani?" aliuliza.

Mwenyekiti akatabasamu kwa upole wa mtu anayemfunga mtoto kidonda. "Daftari, mama. Neno kwa neno."

"Kijani kilikuwa zamani. Miaka hii mliyoandika hapa, injini za abiria zilikuwa damu ya mzee. Nilizivutia mistari mimi, kwa mkono huu."

"Kumbukumbu huwachezea watu wa umri wako, bibi." Yeye mwenyewe alikuwa na miaka sabini na miwili. Mama Mistari alikuwa na sitini na tisa.

Angeweza kuwaambia pale pale. Mwezi wake wa kwanza bandani, msimamizi kijana alimletea makopo mawili yaliyobanduka karatasi kwa mvua. "Nataka kukupima," alisema kwa ukali. "Ipi nyekundu?" Akamwonyesha. Kesho yake akampima tena, na keshokutwa. Wiki haijaisha, alishajua anayepimwa ni nani. Mtu huyu, bwana mkubwa wa rangi zote za reli, hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani. Alimdharau, akamhurumia, akamtunzia siri. Mwaka uliofuata akaolewa naye. Mafundi walisema ni mapenzi. Yeye mwenyewe hakuwahi kupata uhakika kama bwana yule alitafuta mke au miwani.

Bandani rangi ziliitwa kwa namba ya kopo. Rangi ilipobadilishwa, lilikuja kopo la namba nyingine, basi. Kwa macho ya msimamizi hapakuwa na kilichobadilika, na daftarini akaendelea kuandika kijani kwa miaka tisa.

Hayo hakuyasema ukumbini. Alisema, "Jumamosi mje yadi ya vyuma chakavu. Mje na msasa, maji na matambara. Na macho, kama mnayo."

Walikuja, na fulana zao. Injini moja ya abiria ilikuwa imelala nyuma ya yadi, haina magurudumu, nyasi zimeota kwenye chumba cha dereva. Mama Mistari alichagua mahali ubavuni, chini ya dirisha, akalowesha msasa, akaanza kuzungusha taratibu. Nyeusi ikaondoka, hiyo ilikuwa ya uzeeni, iliposhushwa kuvuta mizigo. Chini yake ikatokea damu ya mzee, na alipochimba zaidi katikati, kijani. Duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa.

Mwenyekiti alisogeza pua. "Hiyo nyekundu inaweza kuwa rangi ya msingi. Ya kuzuia kutu."

"Rangi ya msingi juu ya kijani? Wewe ulikuwa unaziba jino kisha ndiyo unalitoboa?"

Yule mnene akacheka, akajifanya anakohoa. Mama Mistari alisogeza msasa kushoto, vidole viwili. Juu ya ile nyekundu ukatokea mstari wa manjano, mwembamba, umenyooka, na vanishi yake juu. "Na hii? Nani anavuta mistari na kupiga vanishi juu ya rangi ya msingi?"

Mtu wa yadi aliyekuwa akiwatazama alitema mate pembeni, akaenda zake.

"Basi marehemu aliandika uongo," alisema Mwenyekiti.

"Chunga mdomo wako. Mume wangu aliandika alichokiona."

Binti yake alielewa wakiwa njiani. Alisimamisha gari kando ya barabara. "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unamchagulia baba hata soksi. Kwa nini hukuniambia?"

"Alikuwa mume wangu. Ningemvua nguo sokoni?"

Chama kilipasuka. Nusu walipaka upya, nusu wakaapa kufa na kijani, na sasa hawasalimiani, watu wenye wajukuu. Kijitabu kipya kilitoka: zilikuwa damu ya mzee, kwa mujibu wa utafiti wa Mwenyekiti. Jina la Mama Mistari halikuwemo. Alipoletewa cheti chenye maneno "Mjane wa Msimamizi", alikipokea kwa mikono miwili, akakitandika chini ya jiko linalovuja.

Wale waliopaka upya wakamletea injini moja awavutie mistari. Aliivutia asubuhi moja, akaiweka dirishani, akakataa kuirudisha. "Mnaitaka? Jifunzeni."

Wengine walinuna. Mwenyekiti alirudi peke yake, bila fulana, na brashi mpya mfukoni. Alikaa mezani mbele ya gazeti kuukuu, mkono uliowahi kutoboa meno ya mji mzima ukavuta mstari uliopinda huku na huku. Mama Mistari alisimama nyuma yake.

"Huu ni mstari au njia ya mbuzi?"

"Samahani, mwalimu."

"Samahani haipaki rangi. Futa. Vuta mwingine."