Neti Nyeupe Dirishani

Wenzangu, nawasimulia haya nikiwa bado naona haya kupita sebuleni kwangu mwenyewe.

Hapa Majanji upepo wa ziwa ukivuma, huleta visubi kama moshi, wakaingia hadi ndani ya chai. Juzi mke wangu, Ajiambo, akielekea sokoni Busia, aliniambia, "Baba Wandera, neti ya dirisha iko chumbani. Leo uifunge."

Nikajiona fundi. Nilikata tyubu kuukuu ya baiskeli nikaipigilia chini ya mlango, nikaziba nyufa za ukuta kwa saruji. Chumbani nikakuta neti nyeupe, laini, imekunjwa vizuri juu ya sanduku. Moyoni nikamsifu mke wangu kwa kupenda vitu vya thamani. Niliikata kwa kipimo cha dirisha, nikaipiga misumari.

Upepo ukaja. Neti ikavimba polepole, ikatulia, ikavimba tena, na mwanga wa ziwa ukacheza sakafuni kama maji. Hakuingia mdudu hata mmoja. Nikaegemea kiti, nikasinzia, nikaota nyumba yetu inaelea juu ya mawingu.

Nilipozinduka, watu walikuwa wamesimama karibu. Ajiambo alikuwa ametoka chumbani na roli ya neti ya kijani mkononi.

"Hii ilikuwa chini ya kitanda," alisema.

Kando yake alisimama mdogo wake, Nafula, anayeolewa Jumamosi, ambaye alikuwa amekuja kuchukua shela lake alilomwachia dada yake amtunzie. Alilitazama dirisha.

"Shemeji," akaniuliza taratibu, "kumbe bibi harusi ni dirisha?"