Mwanga wa Upande wa Kushoto

Kundi letu la wapenda picha lina sheria moja: picha yako ikiwekwa mezani, unafunga mdomo. Wenzako wataanza na zuri, kisha kasoro, kisha namna ya kuirekebisha. Ukijitetea, unawanunulia soda wote. Mimi nimezinunua mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Sindano hakuwahi.

Sindano ni fundi cherehani, na jina hilo tulimbandika sisi kwa wembamba wake. Alinunua kamera yenye flashi baada ya kufiwa na dada yake mkubwa, aliyeishi naye tangu utotoni. Kila wiki alipiga picha kitu kilekile: sanamu ya kuvalishia nguo, katika chumba chake cha kushonea, ikiwa na gauni alilolimaliza siku hiyo. Alitamani sana picha yake itundikwe kwenye dirisha la studio tunamokutania, mahali pa zile zisizo na kasoro.

Picha yake ya kwanza, Fundi Saa, mwenyekiti wetu, aliisogeza karibu na pua.

"Mikunjo ya gauni imetoka vizuri, mama. Ila huyu anayekushikia taa kushoto amekaribia mno, bega la sanamu limeungua kwa weupe. Mwambie arudi nyuma kidogo."

Sote tuliona. Flashi ya juu ya kamera hutupa kivuli nyuma ya kitu. Hiki kilikuwa kimelala ukutani upande wa kulia, kirefu. Sindano alitutazama mmoja mmoja, akanyamaza kama sheria inavyotaka. Tulipotoka nje ndipo aliponiambia.

"Sina mtu wa kunishikia taa, mwenzangu."

"Labda ni dirisha."

"Upande ule ni ukuta mtupu." Akafunga vifungo vya koti. "Umeme ukikatika, dada ndiye aliyekuwa ananishikia taa nishone. Kushoto, ili mkono wangu usinitie kivuli."

Nywele zilinisimama. Yeye alikuwa anatabasamu.

Kumbe alipofika nyumbani alikiambia chumba kwa adabu: "Dada, wamesema urudi nyuma kidogo." Wiki iliyofuata bega lilikuwa limetulia, na kivuli kilikuwa kulekule kulia, ila laini zaidi.

"Msaidizi wako anasikia," alisema Fundi Saa, akinitupia jicho, "si kama wengine humu. Sasa ainue taa."

Picha iliyofuata, taa ilikuwa imeinuliwa. Niliogopa, sifichi. Lakini ningesema nini mbele ya watu wazima na akili zao?

Ikabaki kasoro moja, kile kivuli cha ukutani kilichovuta jicho. Fundi Saa akasema, "Msaidizi amefanya kazi nzuri, ila sasa anaharibu. Mwambie akuachie, upige mwenyewe."

Sindano akalitazama lile dirisha la picha zisizo na kasoro.

Picha aliyoleta baadaye ilikuwa safi. Kivuli kilikuwa kimejificha nyuma ya sanamu, na sisi wachokonozi tulitafuta kasoro tukakosa. Mwenye studio alikwishashika fremu, watu wanapiga makofi, Sindano alipoifunika picha kwa kiganja.

"Kasoro ipo," alisema, na hakuna aliyemkumbusha sheria. "Nilimwambia aniache, akaniacha. Dada yangu alikuwa mtu wa kususa tangu zamani, ukimwambia toka anatoka kabisa. Nimepiga picha kila jioni, nimemwomba radhi, nimemwita. Kushoto kuna giza."

Fundi Saa alivua miwani.

"Mmenifundisha kumsogeza," Sindano alisema, "mkanifundisha kumwondoa. Haya, nifundisheni basi kumwita arudi."

Mimi niliinuka nikaenda kununua soda kwa niaba yake, maana alikuwa amesema, na sheria ni sheria.