Siku Nilipoona Haya Kuingia Shimoni

Siku ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe. Mama alikuwa amelipiga pasi ya makaa, nami nikapanda baiskeli kutoka kwa mjomba wangu Port Reitz hadi yadi ya ukaguzi wa magari Changamwe, nikijiona afisa. Mkaguzi Mkuu, Mzungu mrefu aliyesema Kiswahili kama mtu anayepasua kuni, alinitazama toka utosini hadi kwenye viatu.

"Wewe nakuja kazi ama nakuja harusi?" akauliza. "Toa shati. Ingia shimo."

Shimo lilikuwa handaki la saruji, kina chake cha kumfika mtu kifuani. Gari liliendeshwa likasimama juu yake, mkaguzi akashuka chini na taa na nyundo ndogo. Ukigonga boliti iliyokaza, hulia. Iliyolegea hunung'unika tu. Nilitoka humo nimepakaa grisi hadi masikioni, na Mkaguzi Mkuu akanipa somo ambalo sikuwahi kupata lililo bora zaidi: "Juu kila mtu napaka rangi. Chini hapana mtu napaka." Kiswahili chake kilikuwa kibovu, wallahi, lakini maneno yalikuwa mazima.

Mambo ya karatasi nilifunzwa na Mkaguzi Msaidizi, Mhindi mpole aliyefuta miwani kila alipotaka kukukosoa. Ndiye aliyenifunza habari za magari ya kale. Gari likishatimiza umri uliowekwa, na likiwa bado kama lilivyotoka kiwandani, mwenyewe aliweza kuomba ruhusa ya kutokaguliwa. Shida ilikuwa magari yaliyobadilishwa, na ya kwetu karibu yote yalikuwa yamebadilishwa. Bodi ikibadilishwa, si neno. Lakini ikiguswa injini, breki au ekseli inayoshika magurudumu, ruhusa hakuna. Na kujua kimeguswa nini, shurti mkaguzi aingie shimoni kwanza, ndipo atie sahihi.

"Usiandike ulichoambiwa," alisema huku akifuta miwani. "Andika ulichoona."

Baada ya miaka miwili nikapelekwa Likoni, kituo kidogo chenye shimo moja na meza moja. Nilikuwa peke yangu, na raha yangu haikuwa na kifani. Asubuhi moja likaingia gari la zamani, lililokuwa la mwenye shamba la mkonge. Sehemu ya nyuma ilikatwa, ikajengwa sanduku la mbao lenye viti viwili virefu. Mtaa wa Timbwani mzima ulilijua. Ndilo lililowapeleka wajawazito kivukoni ili wavuke kwenda hospitali, na ndilo lililobeba jeneza nyumba ilipofiwa, bila mtu kuombwa hata senti. Aliyeshuka ni Maalim Bakari, aliyenifunza Kurani tangu alifu.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba hiyo ruhusa yenu. Likikaguliwa nitaambiwa nitafute vipuri, na vipuri vyake havipatikani tena."

"Kimebadilishwa nini, Maalim?"

"Bodi tu. Ndivyo alivyoniambia fundi."

Nililizunguka gari mara moja. Chini ya kiti cha dereva niliona kabari ya mvule, kipande kizito cha kuzuilia gurudumu, kimechakaa kwa kutumika. Dereva anayeziamini breki zake habebi kabari kama ile. Niliiona, na nilijua maana yake. Lakini kumwambia mwalimu wangu asimame juani huku mimi nikijitia chini ya gari lake kutafuta uongo wake! Niliona haya. Nikatia sahihi. Aliniombea dua ndefu, nami nikaitikia amina.

Haukupita mwezi. Gari lilikuwa kwenye mteremko wa kivuko, limebeba mwanamke aliyeshikwa na uchungu. Breki zikakataa. Maalim akaruka nje na kabari yake kama alivyozoea, safari hii akachelewa kidogo, gurudumu likapanda mguu wake ndipo likasimama. Mwanamke akavuka salama, akajifungua. Maalim akakatwa mguu chini ya goti.

Gari lilivutwa hadi Changamwe, Mkaguzi Mkuu akaingia shimoni mwenyewe. Fundi alikuwa ametia ekseli ya mbele ya lori. Breki za mbele hazikuwapo kabisa, fimbo zake zimefungwa kwa waya ili zisiburutwe chini. Hata kipofu angeziona.

Tuliitwa ofisini sote wawili. Maalim alikuja na magongo, akakataa kiti.

"Huyu naingia chini kuangalia?" Mkaguzi Mkuu alimwuliza Maalim.

"Aliingia," alisema Maalim bila kupepesa jicho. "Akatoka kachafuka kwelikweli. Mimi ndiye niliyeligeuza baadaye."

Mtu aliyenichapa bakora kwa uongo mdogo wa utotoni alikuwa akisema uongo kwa ajili yangu, na mguu wake umekwenda. "Bwana," nikasema, "sikuingia."

Nilidhani nimemtendea haki. Nje, Maalim aliniambia neno moja tu: "Umenifanya mwongo mbele ya watu." Akageuka akaenda zake. Nilipomwonea haya alipoteza mguu, na nilipokaza moyo nikamvunjia heshima.

Nilihamishiwa Kisauni, kugawa fomu dirishani. Huko nilikaa mpaka bendera ilipobadilishwa. Uhuru ulipokuja, Mkaguzi Mkuu mpya, mtu wa bara mwenye sauti ya chini, alilisoma faili langu lote. "Aliyejisema mwenyewe hatarudia," alisema, akanirudisha Likoni.

Sasa nimestaafu. Wajukuu wangu hucheka nikilisikiliza gari lipitalo na kusema boliti gani imelegea. Kuna vijana hunijia na magari yao ya kale waliyoyabadilisha, wakitaka niwaelekeze wafanyeje yasikaguliwe. Siwaelekezi. Huwasimulia asubuhi ile ya kwanza niliporudi Likoni.

Nilikuwa hata sijafungua dirisha. Gari la sanduku la mbao likaingia, mkwewe Maalim akiendesha, naye mwenyewe akashuka na magongo. Miaka hiyo yote hatukuwa tumesemezana. Nilitoka na fomu ya ruhusa mkononi, maana sikujua nishike nini.

"Iweke hiyo," alisema. "Nimekuja kukaguliwa. Vua shati."

Nilivua. Nikakaa chini humo karibu saa nzima, nikigonga na kusikiliza, naye kasimama juani ukingoni mwa shimo, amekataa kiti. Breki za mbele zilikuwa zimerudishwa, na kazi ilikuwa nzuri. Lakini fremu, chuma kinachobeba gari zima, ilikuwa imepasuka kwa kutu, pahali pasipofaa kuungwa. Nilipanda juu, nikaandika mbele ya macho yake kwamba gari halifai barabarani. Maalim aliipokea karatasi kwa mikono miwili, gongo moja likimponyoka. Akaisoma yote, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu. Kisha akanitazama, grisi imenitapakaa hadi kwenye kope.

"Haya," akasema, "sasa ndiyo umechafuka."