Jina la Nyumbani

Asubuhi za Kasulu ukungu huingia mpaka ofisini, ukakaa nasi hadi chai iive. Ndani ya ukungu huo mimi, mtu wa Morogoro, nilikuwa naandika programu ya mtandaoni ya kuwatafutia watu ndugu waliopotezana nao wakikimbia Burundi. Nilifanya kazi na dada mmoja aliyekulia Kibondo. Alivuka mpaka akiwa mgongoni kwa mama yake, na kaka yake akapotelea njiani. Mama alikufa mapema, akawa ameacha jina moja tu la huyo mtoto, lile alilokuwa akimwitia nyumbani.

Kwenye programu, kisanduku cha kujazia jina kama hilo mimi nilikuwa nimekiandika "jina la utani".

"Mama hakuwa akimtania," aliniambia.

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Basi nikanung'unika kama kawaida yangu, eti neno dogo hivi linatuchelewesha, nikalibadili kwenye programu liwe "jina la nyumbani". Nikaiachia kompyuta itunge yenyewe faili la maigresheni, yaani maagizo ya kuipanga upya hifadhidata ilingane na programu. Kwa Kiswahili chetu, nikamwambia, ni kuhama tu.

Neno hilo lilimfanya asogeze kiti. Kwao, alisema, watu wakihama lazima mmoja arudi ndani aite kila chumba, asije akabaki mtu. Akataka tulisome faili kabla halijafanya kazi. Haya, nikasema, tusome, na roho yangu iko kwenye chai.

Agizo la kwanza: futa safu ya jina la utani, yaani orodha nzima ya majina yaliyojazwa humo. La pili: ongeza safu ya jina la nyumbani, tupu.

Jamani! Kompyuta haikujua kuwa ni safu ile ile. Iliona moja imekufa na nyingine imezaliwa, na majina yote ambayo akina mama waliwaitia watoto wao yangekwenda na ile ya kwanza. Dirishani migomba ilikuwa inatokea na kupotea kwenye ukungu, nami niliona kama watoto wanapita katikati yake, kila mmoja akigeuka akisikia anaitwa.

Niliyafuta maagizo yote mawili, nikaandika moja kwa mkono wangu: safu ibadilishwe jina, vilivyomo vibaki. Tukatoa nakala ya hifadhidata, tukajaribu kwenye nakala kwanza, yeye akisoma majina taratibu kwa lafudhi ya Kiha. Yote yalikuwepo. Ndipo tukaihamisha hifadhidata yenyewe.

Akaandika jina la kaka yake, akatafuta. Ikatoka mistari? Hapana, mstari mmoja tu, ule alioujaza yeye mwenyewe. Iliniuma, nikaanza kumpa pole. Akanizuia kwa mkono, macho yake yako kwenye kioo cha kompyuta.

"Yupo," alisema. "Bado anatafutwa."