Litungu Ndani ya Kinanda cha Kanisa

Wacha niseme mapema kwamba hii stori inaniaibisha mimi mwenyewe, kwa hivyo mkitaka kucheka chekeni. Kuna kanisa moja kule Kabuchai ambalo mpaka leo nikipita karibu naangalia upande wa miwa, na yote yalitokana na kitufe kimoja nilichobonyeza kwa haraka Jumamosi mchana.

Ilikuwa elfu mbili na tatu, nne hivi, na mimi ndiye nilikuwa Kariuki wa kinanda pale Kitale, kijana mwenye koti moja na maringo ya watu kumi. Kinanda chenyewe kilikuwa kikuukuu, kina nafasi thelathini na mbili za kuweka sauti na kadirisha ka maandishi ambako kalikuwa kamekufa nusu, kwa hivyo nilikuwa nimejifunza ujanja: unachomeka waya wa midi kutoka kinanda hadi kompyuta ya ofisi ya kanisa (ile ya kuchapa matangazo), unafungua programu, na sauti yote inajianika kwa skrini, ukivuta hapa inakuwa kali, ukishusha pale inapoa, ukimaliza unaituma irudi kwa kinanda. Bana, nilijiona daktari. Dada Esther, katibu wetu, alikuwa anasimama mlangoni na makaratasi yake akingoja kompyuta, namwambia dakika tano, na saa nzima inaisha.

Sasa, kulikuwa na Nanjala, msichana wa kwaya yetu. Mimi na yeye tulikuwa tumeshakubaliana, aliyebaki ni babake, Mzee Wanyonyi, mzee wa kanisa huko kwao Kabuchai, ambaye hakufurahia hata kidogo kusikia binti yake anataka kuolewa na Mkikuyu wa Kitale asiyejua hata kusalimia kwa Kibukusu. Kwaya yetu ilikuwa imealikwa kanisani kwao Jumapili moja, na baada ya ibada ningepelekwa nyumbani nikajulishwe kwa mzee. Hapo ndipo ningepata mke au nimkose.

Nanjala alikuwa ameniambia kwamba zamani babake alikuwa bingwa wa litungu, ile ala ya nyuzi saba ya Wabukusu, na kwamba aliacha kupiga. Sikuuliza aliacha kwa nini (nilidhani ni vidole vya uzee, na mimi nikishadhani kitu siulizi tena). Nikamwomba kanda ya kaseti aliyokuwa nayo ya babake akipiga, sikumwambia ni ya nini, na wiki tatu nzima nilikaa kwa ile kompyuta nikisikiliza kanda na kuvuta sauti, nikisikiliza na kuvuta, mpaka kinanda kikalia litungu kabisa, na ule mkwaruzo wake wa kidole. Mpango wangu ulikuwa nimpigie mzee wimbo mmoja nyumbani baada ya chakula, alainike.

Jumamosi wanakwaya wenzangu wakaniita, gari limefika, kinanda kipakiwe. Programu ilikuwa na kitufe cha kutuma sauti moja, na hicho kinakuuliza maswali, nafasi gani, una uhakika, na kuna kingine cha kutuma zote ambacho hakiulizi kitu. Mimi nikabonyeza hicho kisicho na maswali. Nikajaribu nafasi ya kwanza, litungu hilo hapo, nikazima, nikaondoka nikipiga mluzi. Sikukumbuka kwamba faili yangu ilikuwa na litungu peke yake, na zile nafasi zingine thelathini na moja zilikuwa tupu.

Basi kesho yake kanisa limejaa, Mzee Wanyonyi yuko mbele na suti ya kijivu, jenereta inanguruma nje, na kwaya inaanza kuingia kutoka mlangoni kwa hatua. Nikabonyeza sauti ya ogani. Ikatoka piiiii, kama runinga kituo kikishafungwa. Nikabonyeza fidla, piiiii. Tarumbeta, piiiii. Watu wameziba masikio, kwaya imefika katikati haina sauti ya kushika, na mwalimu wa kwaya ananiangalia kwa macho ambayo sitaki kuyakumbuka. Mkono ukakimbilia ile nafasi moja niliyojua iko hai.

Litungu likajaa kanisa zima.

Kule nyuma nyanya mmoja akainuka na mabega yakaanza kucheza yenyewe, wa pili akafuata, na mimi mjinga nikafikiri nimeokoka aibu, nikaongeza sauti. Kumbe Mzee Wanyonyi amesimama. Akatoka nje bila kuangalia mtu. Mchungaji wa pale akaja mpaka kando yangu na kuniambia polepole, "Kijana, zima hicho kitu." Nikazima, na masaa mawili nikakaa nyuma ya kinanda kilichokufa, uso kwa uso na watu wote, huku kwaya ikiimba kavu.

Tulipotoka Nanjala alikuwa analia. "Papa alichoma litungu lake hapa nje siku aliokoka," akaniambia. "Kanisa lote liliona. Hapa wanasema ni kitu cha kwenye pombe ya busaa. Si ungeniuliza tu, Karis?"

Nyumbani kwao tukala wali. Kisha mzee akaniita nyuma ya zizi, sisi wawili, na nilijua naambiwa nisirudi.

"Uzi wa tatu uko chini," akasema. "Unaweza kuupandisha?"

Nikamwambia mpaka iwe kwa kompyuta, na kompyuta iko Kitale.

Jumatano akaja. Nyumbani alikuwa amesema anaenda kupimwa macho. Akakaa kando yangu ofisini, kofia magotini, vidude vya kusikilizia masikioni, Dada Esther amefungiwa nje na matangazo yake, na mimi nikivuta ule uzi kwenye skrini yeye anasema panda, panda tena, shuka kidogo, hapo. Halafu akaweka mikono yake kwenye kinanda, akawa anazikwangua zile funguo kwa kidole kana kwamba ni nyuzi, na machozi yanashuka tu wala hayapangusi. Nilimpenda sana yule mzee siku hiyo.

Nimeapa, na ninarudia mbele yenu, sitatuma tena sauti yoyote kwa kinanda bila kujibu maswali yote, na sitamfanyia mtu jambo la kumshangaza kabla sijauliza.

Alipovua vile vidude alivaa kofia, akatengeneza tai. "Binti nitakupa," akasema. "Lakini siku ya harusi hicho kinanda kibaki Kitale. Litungu likilia tena, mimi sitaweza kutoka nje mara ya pili."