Mapigo Matatu Yasiyohesabiwa

Shangazi yangu Towa alianza kupiga kengele ya mji wetu mumewe alipofariki, miaka kumi na tisa nyuma. Kengele iko kilimani, nyuma ya ngome, na hupigwa kwa gogo lililofungwa kamba. Muda aliupima kwa ubani. Aliumwaga unga wake mstari mwembamba juu ya jivu, akauwasha upande mmoja, na kando ya mstari alichomeka vijiti. Moto ukifika kwenye kijiti, anaenda kupiga. Majira yakibadilika alivisogeza vijiti, maana mchana wa kiangazi ni mrefu na saa zake lazima zirefuke nao.

Kila mara alitanguliza mapigo matatu. Hayo ni ya kuzindua masikio tu, hakuna anayeyahesabu. Baada yake ndiyo saa yenyewe, kwa hesabu yetu ya kale: adhuhuri tisa, magharibi sita, na hakuna saa yenye mapigo chini ya manne.

Kisha ikaja amri ya Mfalme: tufuate kalenda na saa za nchi za ng'ambo. Mwezi wa kumi na mbili utakuwa na siku mbili tu, ya tatu ni mwaka mpya. Tena mchana na usiku vitakatwa vipande ishirini na vinne, vyote sawa, kiangazi na kipupwe.

"Shangazi, mwezi mzima umeliwa," alisema Gonsuke, muuza tofu, ile jibini ya soya. "Hata wali wa mochi za mwaka mpya hatujatwanga."

"Sijaula mimi. Kaulize ofisini."

Karani Kuramochi wa ofisi ya serikali akamletea saa ya ukutani. "Mama, siku ya mwaka mpya nitakuja mwenyewe. Mishale hii miwili ikilaliana juu kabisa, ni adhuhuri. Upige kumi na mbili. Ukikosea, kengele nitampa mwingine."

"Na tisa zangu?"

"Zimekwisha, mama."

Shangazi aliiweka ile saa karibu na jivu lake. Siku mbili nilimwona akiitazama. Hailishwi, haichoki, haijui kama nje kuna theluji. Asubuhi aliimiminia chai kikombe kidogo, kama tunavyowawekea wazee waliokufa.

Siku ikafika. Karani alisimama thelujini, saa yake ya mfukoni kiganjani. Mimi nilitazama ubani, kisha mishale. Moto uligusa kijiti cha adhuhuri na mishale ikalaliana, papo hapo. Vitu viwili visivyojuana, vimekutana chini ya jua moja.

Shangazi akashika kamba, na mikono ikafanya ilichozoea. Tatu. Akapumua. Tisa.

Midomo ya karani ilikuwa ikihesabu. "Kumi na mbili kamili. Kumbe unajua, mama. Kengele ni yako."

Shangazi aliachia kamba. Huko chini Gonsuke alikuwa amesikia tisa zake za kila siku, akatua mzigo ale.

"Bwana Karani, baada ya hapo nipige ngapi?"

"Moja."

"Moja?"

"Moja tu." Akateremka.

Mshale mkubwa ulipomaliza mzunguko, Shangazi alipiga tatu, kisha moja, akalikumbatia gogo lisiyumbe tena. Mlio ulipita juu ya mapaa hadi mtoni, ukaisha. Chini, watu walisimama njiani wakiangalia kilimani. Gonsuke alikuwa na mzegazega wake wa tofu begani, mguu mmoja mbele.

"Wanangoja," Shangazi alisema polepole.

Hata mimi nilikuwa nangoja.